Tchomia: Moshi wa Samaki na Kazi ya Mhandisi

Pengine wewe unakaa Mongbwalu, Bunia ao karibu na machimbo mengine ya Ituri. Dhahabu unaijua. Lakini yule samaki mkavu unayemkuta jioni katika sahani, mwenye harufu ya moshi, umewahi kuuliza anatoka wapi? Mwezi huu tunakualika ushuke pamoja nasi hadi Tchomia, kwenye ukingo wa Ziwa Albert. Na tukifika huko tutajiuliza swali moja ambalo vijana wetu wa shule wanapaswa kulifikiria: watu wa chuo kikuu wanaosomea mitambo, kazi yao inamhusu nini mama anayekausha samaki?

NJIA YA KUSHUKA

Kutoka Bunia hadi Tchomia ni kama kilomita 60. Unapita Bogoro, halafu barabara inaanza kuteremka. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya bahari. Ziwa liko kwenye mita 620 hivi. Maana yake utashuka zaidi ya mita 600. Koti ulilovaa asubuhi kwa sababu ya baridi ya Bunia, utalivua kabla ya kufika chini. Mbele yako ziwa linang'aa kama bati jipya, na siku isiyo na ukungu unaona ng'ambo milima ya Uganda.

Mteremko huu ni ukuta wa Bonde la Ufa. Zamani sana ardhi ilipasuka na kuzama, na maji yakajaa mahali pale. Ziwa lina urefu wa kilomita 160 hivi na upana wa kama 30, lakini kina chake hakipiti mita 60. Mto Semliki unaingia upande wa kusini; Nile inaingia upande wa kaskazini na kutokea huko huko. Jina la Albert lililetwa na Mwingereza Samuel Baker mwaka 1864. Wakati wa Zaire liliitwa Ziwa Mobutu Sese Seko, na wazee wengi bado wanakumbuka.

Kwanza utaikuta Kasenyi. Ilikuwa bandari wakati wa wakoloni. Meli zilikuja kutoka Butiaba, upande wa Uganda, na abiria na mizigo. Tchomia iko mbele kidogo, upande wa kaskazini, katika teritware ya Djugu. Ni mji wa uvuvi. Mitumbwi inarudi asubuhi, wachuuzi wanangoja ukingoni na mabeseni, watoto wanakimbia huku na huku. Kuna tilapia, kuna sangara ambaye sisi tunamwita kapitene, kuna na wale samaki wadogo wadogo wanaopimwa kwa kopo.

Hatuwezi kupita Tchomia bila kusema jambo la huzuni. Tarehe 31 Mei 2003, wakati wa vita vya Ituri, watu wengi waliuawa hapa. Tena mwanzoni mwa mwaka 2018 familia elfu nyingi za Ituri zilivuka ziwa hili kukimbilia Uganda. Basi ukiona mama amekaa mbele ya moto wake, anageuza samaki, usifikiri hiyo ni kazi ndogo. Ni kazi inayosomesha watoto, na inayosimamisha tena nyumba iliyoanguka.

MBELE YA CHANJA

Sasa sogea karibu, lakini uangalie macho. Samaki wamepasuliwa, wameoshwa, wamepangwa juu ya chanja. Chini yake kuna moto wa kuni. Mwingine anatumia pipa lililokatwa, mwingine ametengeneza kuta za udongo na kuweka wavu wa chuma juu. Moshi unatoka kila upande. Mama anageuza samaki kwa mkono, anapuliza moto, anafuta machozi, anageuza tena. Mtoto mdogo yuko mgongoni, na yeye anavuta moshi ule ule.

Ukimwuliza, atakuambia: "Samaki ni mzuri, lakini moshi inamaliza macho." Na si macho tu. Shirika la Afya la Ulimwengu limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni. Hao hawakufa kwa risasi, wala kwa kuporomoka kwa shimo la machimbo. Waliumia polepole, katika mapafu na moyo, kwa kazi ya kila siku.

Na kuni? Uwanda wa pembeni ya ziwa ni wa nyasi na miti mifupi. Kuni nzuri inatoka mbali, na kila kichwa cha kuni ni pesa. Kwa hiyo mama huyu ana shida tatu: moshi, kuni, na samaki anayeharibika akikosa kukauka vizuri. Hizo shida tatu, msomaji, ndizo somo la uhandisi wa mitambo, ao kama wengi wetu tunavyosema, mekanike.

HESABU YA KUNI

Vijana wengi wakisikia neno mekanike wanafikiri gari na mikono myeusi ya mafuta. Kumbe sehemu kubwa ya elimu hiyo ni joto: linatoka wapi, linapita wapi, linapotea wapi. Chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja.

Tuseme mama ana kilo 10 za samaki wabichi. Katika mwili wa samaki, karibu robo tatu ni maji. Basi kuna kilo 7 na nusu za maji. Akitaka samaki akauke vizuri, abaki kilo 3 hivi, lazima kilo 7 za maji ziondoke kama mvuke. Kupasha moto kilo 1 ya maji hadi kuigeuza yote kuwa mvuke kunahitaji kama megajuli 2.6 za joto. Kwa kilo 7, ni kama megajuli 18. Kilo 1 ya kuni kavu inatoa karibu megajuli 16. Gawanya: unahitaji kilo 1 ya kuni na kidogo juu yake.

Kilo 1 na kidogo! Mwambie hivyo mama wa Tchomia, atakucheka, sababu yeye anachoma mzigo mzima. Nani anasema kweli? Wote wawili. Hesabu yetu inasema joto ambalo samaki anahitaji. Mama anasema joto ambalo moto unapoteza. Moto wazi ukipeleka kwa samaki sehemu 1 tu kati ya 10 za joto lake, kuni zinazohitajika ni kilo 11 hivi. Sehemu 9 zinaingia hewani na udongoni, na usoni mwa mama. Lakini ukiweza kutengeneza tanuru linalopeleka sehemu 1 kati ya 4, kuni zinashuka hadi kilo 4 na nusu.

Ndiyo hiyo kazi ya mtafiti. Anapima kuni kabla na baada, anapima samaki, anaweka kipimajoto mahali mbalimbali, anatafuta tundu ambamo joto linatorokea. Halafu anabadilisha kitu kimoja, ukuta ao mlango wa kuni, na kupima tena. Ni kazi ya uvumilivu.

WANAWAKE WA CHORKOR

Kama unafikiri hayo ni maneno ya vitabu tu, twende mbali kidogo, hadi Ghana, Afrika ya Magharibi. Karibu na mji wa Accra kuna kijiji cha wavuvi kinachoitwa Chorkor. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, watafiti wa chakula wa Ghana pamoja na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, walishughulika na tanuru la kukaushia samaki pamoja na wanawake wa kijiji hicho. Tanuru hilo lilichukua jina la kijiji, na miaka ya 1980 lilienezwa katika nchi nyingi za Afrika.

Umbo lake ni rahisi. Kuna sanduku la udongo ao matofali, fupi, lenye milango ya kuni mbele. Juu yake zinapangwa chanja za fremu ya mbao na wavu wa waya, moja juu ya nyingine, hata zifike 10 na zaidi. Fremu zikipangana vizuri zinakuwa zenyewe kuta za bomba la moshi. Joto linalopita chanja ya kwanza linamkuta samaki wa chanja ya pili, halafu wa tatu. Halitoroki kabla ya kufanya kazi. Na mama hageuzi samaki mmoja mmoja juu ya moto. Anabadilisha chanja, ya chini inakwenda juu, ya juu inakuja chini. Vifaa vyote vinapatikana kwa seremala na kwa mwashi wa kijiji.

Kazi haikuishia hapo. Baadaye FAO na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, nchini Senegal, walitengeneza tanuru jingine, linaloitwa FTT. Sababu ni hii: mafuta ya samaki yakidondoka juu ya makaa, yanatoa moshi wenye sumu inayoweza kuleta kansa, na sumu hiyo inashika kwenye samaki. Tanuru la FTT lina sinia ya kukinga mafuta yasifike motoni, na moshi wa kutia ladha unatengenezwa peke yake, pembeni. Nchi za Ulaya zilikaza sheria yao juu ya sumu hiyo mwaka 2014. Samaki wetu wa Tchomia hawaendi sana Ulaya, ni kweli. Wanakwenda Bunia na machimboni, katika sahani yako. Je, tumbo lako si tumbo kama la Mzungu?

MOTOKAA NA JIKO

Vyuo vikuu vya majirani zetu vimefanya utafiti wa namna nyingi. Tuvitazame, sababu kuna fundisho ndani.

Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze motokaa ya Kenya. Walimu na mafundi walifanya kazi, na mwaka 1990 motokaa za kwanza, zilizoitwa Nyayo Pioneer, zilionyeshwa mbele ya watu. Zilitembea. Lakini kiwanda cha kuzitengeneza kwa wingi hakikuendelea. Pesa zilikosa, na motokaa hizo hazikufika kwa mwananchi.

Upande wa pili wa ziwa letu, Chuo Kikuu cha Makerere cha Kampala kilionyesha motokaa ndogo ya umeme, Kiira EV, mwezi wa Novemba 2011. Mwaka 2016 likaja basi linalosaidiwa na jua, Kayoola, na kazi hiyo ikazaa kampuni ya Kiira Motors. Na kwetu Congo, mwaka 2013, watu wa Kinshasa walishangaa kuona roboti kubwa za aluminiamu zikiongoza magari kwenye njia panda, zikipata nguvu ya jua. Zilitengenezwa na mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi, aliyesoma ISTA, chuo cha ufundi cha Kinshasa, pamoja na wenzake. Wasichana mnaosoma ukurasa huu, mshike jina hilo.

Hizo ni kazi za kutia moyo. Lakini pembeni yake kuna kazi zisizopigwa picha sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya, lilitokea jiko la makaa lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani. Wazo lilitoka kwa jiko la ndoo la Thailand. Wanawake waliolipikia na mafundi wa jua kali waliolifua bati walisaidia kulisahihisha, hadi likawa na kiuno chembamba na miguu mipana, lisianguke mama akisonga ugali. Leo jiko hilo liko katika nyumba nyingi sana za Afrika ya Mashariki. Na Makerere, katika kitivo kile kile cha uhandisi, kuna kituo cha utafiti wa nishati, CREEC, kilichoanza mwaka 2001. Kati ya kazi zake ni kupima majiko: yanakula kuni ngapi, yanatoa moshi kiasi gani.

Unaona tofauti, msomaji? Hatusemi motokaa ni mbaya. Tunasema utafiti haujaisha siku mashine inapozunguka mbele ya wakubwa. Unaisha siku mtu aliyekuwa na shida anapokitumia kile kitu bila mtafiti kusimama karibu yake. Jiko la Kenya na tanuru la Chorkor vilifika mbali kwa sababu wenye moto waliulizwa mapema, na kwa sababu fundi wa mtaani aliweza kuvitengeneza na kuviuza.

MTUMBWI UNA HESABU PIA

Kabla hatujaondoka ukingoni, tazama mitumbwi ikipakia. Ziwa Albert lina ukali wake. Upepo ukishuka kutoka milimani, mawimbi yanasimama haraka. Tarehe 22 Machi 2014 mashua iliyobeba wakimbizi wa Congo, waliokuwa wakirudi kwao kutoka Uganda, ilizama katika ziwa hili. Watu zaidi ya 100 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto. Mashua ilikuwa imejaa kupita kiasi.

Hapa pia mekanike ina neno la kusema. Kila chombo kina kitovu cha uzito. Mzigo ukiwa chini, kitovu kiko chini, na chombo kikilala upande kinarudi chenyewe. Watu wakikaa juu ya magunia, ao wakisimama wote kwa hofu wakati wimbi linakuja, kitovu kinapanda, na chombo kikilala hakirudi. Tena mzigo ukizidi, ukingo wa mtumbwi unakaribia maji, na wimbi dogo tu linaingia. Kwa hiyo: mzigo mzito chini, watu wamekaa, na alama ya rangi ubavuni ionyeshe maji yasipite hapa. Alama hiyo inahitaji kopo la rangi na nahodha mwenye msimamo. Idara ya chuo kikuu inaweza kupima mitumbwi ya Tchomia na kusema alama iwekwe wapi. Huo ungekuwa utafiti mzuri kabisa, na ungeokoa watu.

NA BARAFU?

Kuna shida ya tatu, samaki anayeoza kabla ya kufika chanjani ao sokoni. Kwa nchi za joto kama hapa, mafundi wa samaki wanashauri barafu kilo 1 kwa samaki kilo 1. Kumpoza samaki mwenyewe kunahitaji kama theluthi moja tu ya barafu hiyo. Nyingine inapiganana na joto la nje. Kumbe sanduku likiwa na kuta nene zinazozuia joto, barafu inadumu. Kutengeneza sanduku hilo kwa vitu vya hapa hapa, na kupima linadumu saa ngapi, ni kazi ambayo hata wanafunzi wa sekondari wanaweza kuianza.

WEWE UFANYE NINI?

Kijana, huenda unasema, "Mimi niko machimboni, chuo kikuu kiko mbali, tena vita havijatuacha." Ni kweli. Lakini utafiti unaanza na mizani na daftari.

Jumamosi moja mwombe mama yako, shangazi ao jirani anayekausha samaki. Pima kuni kabla ya kuwasha. Pima samaki wabichi. Jioni pima samaki waliokauka na kuni zilizobaki. Andika tarehe, andika kama kulikuwa na upepo. Fanya hivyo mara 5. Halafu mjenge pamoja kizuizi cha upepo cha udongo pande tatu za moto, mpime tena mara 5. Ukiona kuni zimepungua, umefanya utafiti, hata kama hujafika chuo kikuu. Na kama hazikupungua, andika vilevile, sababu na hilo ni jibu.

Wazazi, mtoto wenu akipenda kufungua redio na kufunga tena, msimpige kila mara. Msichana akiuliza kwa nini motopompe ya machimboni haivuti maji kutoka shimo refu wakati imewekwa juu, jibu liko katika somo la fizikia: pampu ya kuvuta haiwezi kupandisha maji kupita mita 10, na kwa kawaida haifiki hata hapo. Mruhusuni aulize, na mlipe masomo yake kama mnavyolipa ya kaka yake.

Nanyi walimu na wahandisi mliosoma Kinshasa, Lubumbashi, Kampala ao kwingine, shukeni Tchomia siku moja. Msilete mashine kwanza. Kaeni karibu na chanja, mvumilie moshi kwa saa moja, mumwulize mama maswali na msikilize majibu yake. Yeye anajua samaki amekauka kwa kumgusa tu kidole, na elimu hiyo haimo katika kitabu chenu. Ninyi mnajua joto linatorokea wapi. Mkiunganisha elimu hizo mbili, samaki atakayepanda mlima kwenda machimboni atakuwa mzuri zaidi, mzigo wa kuni utakuwa mwepesi, na mtoto aliye mgongoni mwa mama atavuta hewa safi.